Mlio wa Pikapu ya Bakhit

Bakhit bin Matar hakuwa na salamu. Wenzake wakiingia gereji kwangu huuliza habari za nyumbani, wanakaa, wanakunywa kahawa, ndipo shida inaletwa taratibu. Yeye alisukuma lango kwa pua ya pikapu yake, akateremka na fimbo ya ngamia mkononi, na cha kwanza kumtoka mdomoni kilikuwa lawama.

"Makame, umeniharibia gari."

"Sijaligusa tangu mwezi wa Ramadhani, mzee."

"Ndiyo maana limeharibika."

Mimi ni Mpemba, nimezeekea huku kwenye uwanda wa mawe wa Omani, barabara ya kwenda Salala ikipita mlangoni. Nimetengeneza magari ya Mabedui mpaka nimejua tabia zao kwa ekzosi zao. Lakini mtu wa kulalamikia injini kama Bakhit sijamwona. Leo inakula oili. Kesho inatoa moshi mweusi, dada yake Shinuna anakohoa. Keshokutwa asubuhi haiwaki mpaka ibembelezwe. Na siku zote inagonga. Beringi za chini zilikuwa zimelika, basi ikisimama inanguruma ilikuwa na mlio wake: ko, ko-ko, kimya kidogo, ko. Ungeusikia kabla hujaliona gari, kama vile kuna mtu ndani ya injini anabisha hodi.

"Mfungulie atoke," Gulzar alikuwa akimtania. Gulzar ni mchomeleaji wangu, Mpathani, mgeni huku kama mimi, mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. "Baba Farha, huyo mgeni wako ndani ya injini umemnyima kahawa."

Farha alikuwa ngamia wake jike. Bakhit hakuwa na mtoto, na mke aliyewahi kumwoa alirudi kwao akisema hawezi kugombania mume na wanyama. Kwa hiyo watu wakamwita kwa jina la ngamia, na yeye hakukasirika. Aliishi na Shinuna, mjane, kwenye kambi ya mabati na nyavu, na kundi lake la ngamia lilikuwa ndilo ukoo wake.

Niliwahi kwenda naye kuwanywesha. Alibeba tangi la maji nyuma ya pikapu na magunia ya shayiri, tukaenda mpaka mahali ambapo hakuna hata kichaka. Akasimama, akaacha injini inanguruma, akajiegemeza kwenye usukani. Hakupiga mbinja, hakuita. Nikamuuliza tunangoja nini. Akaniambia ninyamaze. Baada ya muda nikaona vijidoa kwenye upeo wa macho, vikakua, vikawa shingo, na kundi zima likaja likasimama mbele ya boneti, midomo yao ikitafuna kitu ambacho hakipo. Nywele zilinisimama, na wakati ule lilikuwa jua la saa nne. Sikumwambia.

Mwaka jana akaja na lawama mpya: amechoka. Anataka injini nyingine, ya kimya, kama waliyonayo wanaume wenzake. Nikampatia nzuri, iliyotoka kwenye gari lililopinduka, nikaifunga kwa mikono yangu. Ilipowaka, Bakhit aliweka sikio kwenye boneti.

"Imewaka?"

"Imewaka, mzee. Ndiyo raha ya uzima hiyo."

Alicheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Injini ya zamani aliniachia uani, juu ya matairi mabovu, ati atakuja kuichukua. Mtu wa kuja kuichukua gani.

Wiki haikuisha, lango likasukumwa.

"Makame, ngamia hawanijui."

Nikadhani utani. Uso wake haukuwa wa utani. Alisema anasimama palepale pa siku zote, anaacha injini inanguruma, hawaji. Akiwafuata wanasimama mbali, wanamtazama, kisha wanaondoka, wala hawakimbii. Wanaondoka kama watu wanaoondoka kwenye nyumba ya msiba. Farha naye.

"Shuka uwaite kwa mdomo," nikamwambia.

"Nimeita. Sauti yangu hawaijui. Sijawahi kuwaita kwa mdomo tangu nilipokuwa kijana." Akapiga fimbo kwenye kiatu. "Wanasogea upande wa barabara. Na ukungu unakuja. Nirudishie ile mbovu."

"Ile itakatika shafti ikuache jangwani, ufe kwa kiu."

"Na hii itaniacha bila mtu," akasema, akapanda gari, akaondoka kimya. Mchagua nazi hupata koroma, Gulzar alisema, methali niliyomfundisha mimi, na sote wawili tukacheka.

Ukungu wa huku hauji kwa mzaha. Unatoka baharini, unapanda juu ya uwanda, na asubuhi huoni bega lako. Hauna harufu, na sauti ndani yake hazina upande. Mtu anakuita kulia, ukienda kulia unamsikia nyuma. Malori hulala kando ya barabara mpaka jua lipate nguvu, na siku nyingine jua halipati.

Asubuhi ya namna hiyo Shinuna aliingia gereji. Aliendesha pikapu yake mwenyewe, barakoa ya Kibedui usoni, na mwanamke yule niliyezoea kumsikia akigombana na kaka yake kama mbuzi wawili kwenye daraja, alizungumza polepole.

"Bakhit hajarudi tangu juzi."

Wanaume wa ukoo walikuwa wamemtafuta jana kutwa, kila mmoja akipiga honi asimgonge mwenzake, wakarudi. Nyayo hakuna, ardhi ni mawe matupu. Simu huko haishiki. Alikuwa amefuata ngamia, na ngamia nao hawakuonekana.

Nikaanza maneno ya kumpa moyo. Akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa akiitazama ile injini uani, imejaa umande.

"Ile inawaka?"

"Inawaka, lakini dada yangu, haina gari."

"Sitaki gari. Nataka sauti yake. Ngamia wakiisikia watakuja, na popote walipo yeye hayuko mbali nao."

Nilimtazama nikidhani huzuni imemwingia kichwani. Kisha nikakumbuka zile shingo zilizotoka kwenye upeo wa macho, nikamwita Gulzar. Tuliinyanyua injini kwa winchi, tukaifunga kwa minyororo nyuma ya pikapu ya Shinuna, nikaunganisha betri na dumu la dizeli. Rejeta haikuwapo, kwa hiyo ingenguruma kidogo, tuizime ipoe, tuwashe tena. Gulzar akasema hii ni kazi ya wachawi. Nikamwambia mimi nimezaliwa Pemba, apande.

Tuliacha barabara tukaingia kwenye ukungu. Shinuna aliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, kichwa nje ya dirisha. Mimi na Gulzar tulikuwa nyuma na ile injini katikati yetu, kama watu wanaosindikiza maiti. Nikagusa stata. Ko, ko-ko, kimya kidogo, ko. Sauti ile ilitoka, ikaenda, na ukungu ukaturudishia kutoka pande zote, hata nikahisi kuna pikapu nyingine za Bakhit zinatuzunguka. Niliogopa. Mzee mzima nilishika mnyororo mikono miwili.

Tuliwasha, tukazima, tukawasha. Kisha Gulzar akanigusa goti.

Shingo ilikuwa juu ya ubavu wa gari, imesimama, haina mwili. Mwili ulikuwa kwenye ukungu. Ikaja nyingine upande wangu, nyingine nyuma. Hawakutoa sauti, na nyayo za ngamia ni laini, huzisikii. Mwisho akaja mmoja mkubwa, mweupe, sikio moja limepasuka. Farha. Alinyoosha pua mpaka kwenye chuma cha moto, akanusa, akarudisha kichwa, akamtazama Gulzar, akanitazama mimi. Alikuwa anatafuta mtu. Hakumwona, akaendelea kutazama.

Bakhit hakuwa nao.

Shinuna alishuka. Aliita jina la kaka yake, na ukungu ukalimeza. Aliita tena, akaweka paji la uso kwenye mlango wa gari. Injini ilianza kunuka moto, nikaizima.

Na ule mlio ukaendelea.

Ko, ko-ko, kimya kidogo, ko. Nilitazama injini. Ilikuwa imekufa, feni haizunguki. Niliweka kiganja juu yake, nikaungua, haikutetemeka. Ko, ko-ko. Gulzar alikuwa ameshaanza kusoma Ayatul Kursi, na alikuwa anaikosea.

"Umeizima?" Shinuna aliuliza.

"Nimeizima."

"Basi ile ni nini?"

Nimekulia kwenye kisiwa ambacho watu wana mashetani ya kurithi, na siku ile nilitamani nipate la kwangu linifahamishe. Farha ndiye aliyegeuka. Masikio yake yote mawili, lile zima na lile lililopasuka, yalielekea upande mmoja, akaanza kutembea, na wengine wakamfuata mmoja nyuma ya mmoja. Shinuna hakuuliza tena. Aliwasha gari akafuata mkia wa mwisho.

Mlio ulikuwa ukipungua nguvu kila tulipokaribia, jambo ambalo si la kawaida ya sauti. Mara ko moja, kisha kimya kirefu, kisha ko. Ardhi ikateremka kidogo, mawe yakawa tope la chumvi, na palepale ikatokea pikapu, imelala upande mmoja, jeki imechomoka chini yake. Bakhit alikuwa chali, gurudumu limemkalia mguu. Tangi la maji lilikuwa limeangukia karibu na kichwa chake, bomba linadondosha. Maji hayo ndiyo yaliyomweka hai. Mkononi alikuwa na spana, na kwa spana hiyo alikuwa anagonga tangi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona.

Shinuna alipiga magoti kwenye tope. "Bakhit, ni mimi. Acha. Tumekusikia."

Hakuacha. Nilimpokonya spana, na mkono ukaendelea kwenda juu na chini bila kitu, kwa mwendo uleule, na kile kimya kidogo alikitunza mahali pake. Tulipomnyanyulia gari, mkono uliendelea. Tulipomlaza nyuma, kando ya injini, uliendelea. Ngamia walikuwa wamezunguka tangi wanakunywa.

Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Nilikwenda kumwona, na nilikwenda kifua mbele, sikatai. Mtu umemtoa kwenye kinywa cha mauti unatarajia angalau ahsante. Shinuna alikuwa ukingoni mwa kitanda, anamkanda ule mkono kwa mafuta, maana ulikuwa bado unacheza usingizini.

"Ulijuaje kuugonga ule mlio sawasawa?" nikamuuliza Bakhit alipofumbua macho.

Alivuta shuka mpaka kifuani. Kisha akasema, "Nilisikia gari langu linakuja kwenye ukungu. Nikalitazama gari langu, hilo hapo, limenikalia mguu. Sasa linalokuja ni la nani? Nikajua ni mauti. Yamekuja kunichukua kwa gari langu mwenyewe."

"Ukaogopa."

"Nilifurahi, Makame. Ngamia wamenikataa, mguu umekufa, nani mwingine aliyekuwa na haja na mimi? Halafu likazima. Nikasema limenikosa kwenye ukungu, sasa linageuza. Ndipo nikaokota spana, nikaliita kwa sauti yake." Aligeuza uso ukutani. "Msijisifu. Sikuwa naomba mniokoe. Nilikuwa naomba lisinipite."

Shinuna aliacha kukanda. Mkono ule aliushika kwa mikono yake yote miwili, akauweka mapajani, akaubana hapo usitikisike, na mimi nikatoka nje kutafuta pa kukaa.