Mahindi Kando, Maharage Kando

Enzi zetu za darasa la saba pale Sumbawanga, baridi ndiyo iliyokuwa somo la kwanza la asubuhi. Ulitoka nyumbani na uji wa ulezi ukiwa bado wa moto tumboni, ukakanyaga umande kwa miguu mitupu, na ukifika karibu na maduka ya mjini vidole huvisikii tena. Harufu ya maandazi ndiyo iliyokusukuma hatua zilizobaki. Vijana wa leo wanavaa soksi mbili na bado wanalalamika kwamba Ufipa kuna baridi.

Tulikuwa wasichana tu, picha ya Malkia wa Uingereza ukutani, kalamu za kuchovya wino mezani, na Mwalimu Ponsiano mbele yetu. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na fimbo hakuihitaji kwa sababu ulimi wake ulitosha. Mwaka ule alituletea aljebra. Hadi hapo hesabu kwetu ilikuwa namba tupu. Sasa namba zikaja zimeandamana na herufi, nasi tuliodhani herufi ni za kusomea tukabaki tumekodoa macho.

Siku ya kwanza aliandika ubaoni 5a + 3b − 2a + b, akataka tufupishe, na akaniita mimi. Nilikwenda mbele kwa mwendo wa mtu anayejua. Tano na tatu ni nane, toa mbili, sita. Ile b ya mwisho haina namba, basi haina kitu. Nikaandika 6ab kwa maandishi makubwa. Msinicheke. Kwetu shambani, kwenye yale matuta ya kufukia nyasi, tuta moja lilibeba mahindi na maharage pamoja, na Baba akiuliza tumepalilia mangapi tulijibu "sita" naye akaridhika. Hakuna aliyewahi kutuuliza sita ya nini.

Mwalimu aliigonga ile 6ab kwa chaki.

"Leokadia," akasema, "mimi nimekuletea mahindi na maharage, wewe umenipikia kande."

Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku hiyo hadi namaliza shule jina langu likawa Kande.

Jina ningelivumilia. Kilichoninyima raha ni tangazo lake la baadaye, kwamba atakayeshindwa mtihani wa hesabu wa mwisho wa mwaka atarudia darasa. Na aliyekuwa akija nyuma yangu, darasa la sita, ni Restituta, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kufunga vifungo vya gauni. Nikirudia, tutakaa dawati moja. Yeye alishalifurahia jambo hilo.

"Dada, nitakuachia upande wa dirishani," aliniambia tukiwa njiani.

Nilimkimbiza mpaka mtoni, na sikumpata.

Jumamosi moja, mtihani ukiwa umekaribia, Restituta alikuwa akimfukuza mbuzi uani. Mbuzi akapita katikati ya vibuyu vya mbegu vya Bibi, mama yake Baba. Mahindi na maharage yakamwagika na kuchanganyika, mbegu yote ya msimu uliokuwa unakuja. Tulijua tumekwisha. Lakini Bibi hakufoka. Alileta nyungo mbili, akatukalisha chini.

"Haya. Mahindi kando, maharage kando."

Tulichambua mpaka migongo ikauma. Kisha Bibi akaanza kupima kwa mikono yake ili ajue amebakiwa na nini. Mahindi konzi tano. Maharage konzi tatu. Akayarudia mahindi kwa jicho kali, akakuta konzi mbili zimebunguliwa na wadudu, akawatupia kuku. Mimi, kwa akili yangu ya kande, nikasema basi zimebaki sita.

"Sita za nini?" Bibi akauliza. "Mabovu ni ya mahindi, yanapunguza mahindi. Maharage yana kosa gani?"

Papo hapo Restituta akatokea nyuma ya ghala amekusanya maharage mengine mkononi. "Na haya, Bibi."

"Konzi moja," Bibi akasema, akayaongeza kwenye maharage. "Mahindi konzi tatu, maharage konzi nne. Tutapanda."

Ilikuwa ni ile ile hesabu ya ubaoni, namba kwa namba! Nikaiandika kwa kidole kwenye vumbi, nikaruka juu nikipiga kelele, na kuku wakatawanyika. Bibi alinitazama kana kwamba nimepandwa na homa. Nilipomweleza, akashika kiuno.

"Kumbe huko shuleni mnafundishwa kuchambua mbegu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na kwa hilo tu mnatembea kwenye baridi yote ile?"

Siku ya mtihani nilichambua kila swali. Swali la mwisho lilikuwa 4a + 2b − a − 2b, na hapo jasho lilinitoka, maana maharage yaliisha yote nikawa nayatafuta. Nikajiuliza Bibi angefanya nini. Angekung'uta ungo na kuendelea na mahindi yake. Nikaandika 3a, nikaweka kalamu chini.

Mwalimu alisoma matokeo kwa sauti yake ile ile ya upole. "Kande, nane kwa kumi. Leo hukupika."

Nilitoka mbio kumtafuta Restituta nimringie. Nilimkuta amesimama nje ya darasa letu, kitambaa chenye maji mkononi. Nilipomwambia nimefaulu aliinama, akakikunja kile kitambaa polepole.

"Mimi nilishafuta dawati, Dada," akasema. "Upande wako wa dirishani."

Nilicheka sana. Nilikuwa mtoto, nilidhani ananitania.

Juzi mjukuu wangu Deo alikuja likizo. "Bibi, shikamoo," halafu akazama kwenye simu yake. Nilimwandikia hesabu ya Mwalimu Ponsiano kwenye karatasi, akaielekezea simu, jibu likatoka kabla sijavaa miwani. Jibu sahihi kabisa. Nilimuuliza b ile ya mwisho ni ngapi, akasema simu haijamwambia. Nikamletea ungo wenye mahindi na maharage, tukakaa chini wote wawili, na baada ya dakika kumi alikuwa analalamika mgongo kwa ufundi kuliko sisi.

Ningempigia Restituta tucheke pamoja, lakini Restituta alitutoka mwaka juzi. Siku hizi nikipita karibu na shule asubuhi, na baridi ni ile ile, huwa natazama madirisha. Mwalimu akitokea leo akaniambia nimeshindwa, nirudie darasa la saba, ningekwenda miguu mitupu, nikae upande ule alionifutia Restituta.