Shati la Nne

Mama yangu ni fundi cherehani hodari, lakini hesabu zilimpiga chenga. Hivyo ndivyo tulivyoamini nyumbani. Kila mwaka shule zikikaribia kufunguliwa alitukatia mashati sisi watoto wake watatu, na kila mwaka akakata manne. Baba alikuwa akicheka: "Mke wangu, sindano unaijua, namba ndizo zinakukimbia." Mama alilishona lile la ziada kwa uangalifu uleule, kisha akampa mtoto wa jirani. Lilikuwa kubwa kidogo kuliko langu, ingawa mimi ndiye kifungua mimba.

Sasa Mama ni bibi mwenye wajukuu, hedhi imekoma zamani, na hospitali inataka damu yake. Madaktari wanatafiti kama mimba alizobeba mwanamke zinaacha alama kwenye homoni zake hata baada ya hedhi kukoma. Kumpeleka ni mimi, kwa sababu wadogo zangu wana kazi. Yangu mimi sijui wanaiitaje. Mtoto wa kwanza ni punda wa nyumba.

Alinichosha tangu asubuhi. Mara miwani haionekani, mara arudi kufunika cherehani, mara amsimamishe mlinzi wa getini kumwambia pindo la suruali yake limefumuka. Tulipoitwa ndani nilikuwa nimefura.

"Mama, umejifungua mara ngapi?" muuguzi akauliza.

"Tatu," nikajibu mimi, tumalize twende zetu.

"Nne," Mama akasema.

Nikaona ni yale yale. "Mama, tuko watatu. Hapa hatukati mashati."

"Aliyezaa ni nani, wewe au mimi?"

"Haya, wataje basi."

Akavua miwani. "Wa kwanza alikuwa wa kiume. Nilimbeba miezi yote tisa, akatoka hakulia. Bibi yako akasema asiyelia hahesabiwi, nisimtaje tena. Mdomo nikaufunga. Mkasi ndio ulionishinda." Akamgeukia muuguzi. "Na nyinyi, mwanangu, hamumhesabu?"

Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Tunamhesabu, mama," muuguzi akasema. "Mwili wako ulimbeba. Hicho ndicho tunachouliza."

"Basi chukua damu."

Akanyoosha mkono, na sindano ilipoingia hakukunja hata uso. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira. Nilimkasirikia Bibi, ambaye yuko kaburini na hawezi kujibu, nikamkasirikia Baba na mzaha wake wa kila mwaka.

Kwenye ngazi Mama akanishika bega, akaniegemea kwa uzito wake wote. Kwa mazoea nikaanza kulalamika kwamba kila kitu ni mimi, eti kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza. Nikakwama hapo hapo.

"Wa pili," Mama akasema. "Twende, angalia ngazi."