Mstari wa Kutoka Dirishani kwa Bibi

Baada ya kumaliza chuo nilikaa nyumbani muda mrefu bila mtu yeyote kunipa kazi ya kuchora, hadi nilipojipa mwenyewe: mpango wa viti, turubai na jukwaa la sendofu ya kumuaga dada yangu anayeolewa, nyumbani kwa bibi, Ntalikwa.

Mtu mwenye akili zake angeokota kijiti akachora mchangani. Mimi nilichukua futi kamba nikapima uwanja mzima, na banda la kuku, kisha nikaingiza kila kitu kwenye programu ya kuchorea ramani. Viti nilivipanga kwa amri ya kulinganisha: unachagua vitu, unachagua mstari, vyote vinasimama sawa kama wanafunzi walioona mwalimu mkuu anakuja. Naipenda amri hiyo kuliko ninavyowapenda baadhi ya ndugu zangu.

Lakini jukwaa halikuwa mchezo. Bibi alikuwa amevunjika nyonga wakati wa masika na hakuwa akitoka chumbani. Ndiye aliyemlea dada tangu anatambaa. Tulitaka kumbeba hadi chini ya turubai siku hiyo, akakataa.

"Nibebwe kama gunia la karanga mbele ya wakwe? Bora mnizike kwanza, halafu mle pilau yenu."

Kwetu mkwe hukutani naye hivihivi, sembuse ukiwa umelala. Basi ikakubaliwa bibi atazame kutoka kitandani, kupitia dirishani, nyuma ya pazia jepesi. Dada naye akaweka sharti lake mbele ya kamati nzima:

"Bibi asiponiona, jukwaani sipandi."

Na dada yangu akisema hapandi, hapandi. Kazi ya kuhakikisha bibi anaona nikapewa mimi, msomi wa familia.

Nilivuta mstari kutoka kwenye mto wa bibi, ukapita katikati ya dirisha, ukaishia katikati ya jukwaa. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyumba na geti havielewani. Nyumba imeelekea njia ya zamani ya misafara, ambayo siku hizi inapitwa na mbuzi tu; geti limeelekea barabara mpya. Nikililinganisha jukwaa na geti, linampa bibi ubavu. Nikililinganisha na dirisha, linawapa ubavu wakwe wanaoingia. Je, wakidhani tunawadharau? Je, wakiondoka na mtoto wetu wakiwa na kinyongo? Nikalizungusha, nikalirudisha, nikalizungusha tena nusu ya mara ya kwanza. Programu ikaniuliza kama inivutie jukwaa lirefuke hadi lifike pale nilipopachagua. Mimi nashindwa kusema hapana hata kwa mashine, nikajibu ndiyo. Jukwaa likavimba likameza jiko la shangazi.

Baba mdogo, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ananichungulia begani.

"Hicho ni nini?"

"Jukwaa, baba."

"Mimi nikadhani uwanja wa ndege. Mwanangu, tunataka watu wakae, wale, waondoke."

Nilifuta, nikaamua kufuata dirisha, kisha nikaenda na futi kamba chumbani kuhakikisha.

"Bibi, hebu lala kama utakavyolala siku ile."

"Wangaluka, mume wangu," akanisalimu bibi kwa kilugha. Kwa utani wa kwetu mjukuu wa kiume ni mume. "Siku hizi mnaanza na kulala, salamu baadaye?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, pima."

Siku yenyewe nilipiga vigingi, nikavuta kamba, kila mguu wa kiti ukakaa mahali pake. Mpiga picha alisema hajawahi kuona viti vilivyonyooka namna ile. Nilikuwa bado naisikiliza sifa hiyo kichwani shangazi alipotoka ndani.

"Bibi anakuita. Anasema kule jukwaani watu hawana vichwa."

Nilimkuta amevalishwa kitenge kipya, amekalishwa wima kwa mito. Nikapiga magoti, nikaweka kichwa changu kando ya chake. Mstari ulikuwa sahihi. Katikati ya jukwaa ilikuwa katikati ya dirisha. Ila pindo la turubai, ambalo mpambaji alikuwa amelining'inizia maua, lilikata kila kitu kuanzia kifuani kwenda juu. Viatu vingeonekana vizuri sana. Mchoro wangu wote ulitazama kutoka angani, kama kunguru; kimo sikukiweka popote.

"Tukulaze kidogo, bibi?"

"Kitenge kitakunjika. Mume wangu, nimlee mtoto, halafu nije kuagana na viatu?"

Nje muziki ulishaanza na wakwe walishakaa. Dada, amesimama na mpambe wake nyuma ya viti, alinisoma usoni.

"Haoni, eh?"

"Ataona."

"Ataona saa ngapi?"

Nilikwenda kwenye pindo, nikalishika, nikaliinua juu ya kichwa changu.

"Juu kidogo!" ikatoka sauti dirishani. "Hapohapo! Jukwaa lote naliona. Mleteni!"

Dada akaanza kucheza kuelekea jukwaani.

Mjomba alinijia na kamba. "Funga hapo, upumzike."

Nikaitazama ile kamba. Fundo likiteleza je? Upepo ukija wakati wa keki?

"Nitashika tu, mjomba."

"Ndicho ulichosomea?"

"Ndicho."

Nilimsikia mkwe mmoja akiuliza, "Yule kijana ni wa turubai?"

"Ni wa turubai," akajibu baba mdogo, bila hata kugeuka.

Walikata keki, wakatoa zawadi, pindo likaanza kushuka.

"Mume wangu! Kichwa!" Nikaliinua tena.

Mwisho dada alitakiwa kuwaaga wageni. Aligeuka upande wangu, akapiga magoti. Wakwe walinitazama, wakajiuliza kijana wa turubai ana heshima gani. Mmoja akapiga makofi kwa adabu, wengine wakafuata. Nyuma yangu, dirishani, nilisikia pete za pazia zikisogea kwenye waya. Nilitamani kugeuka nimwone bibi, lakini ningeshusha pindo. Nikabaki kumtazama dada anavyomtazama.