Stambuli Ameitika

Mimi simwiti Stambuli. Wamwite wao, mimi ulimi wangu haugeuki. Stambuli nilisoma naye biashara miaka ya tisini, dawati moja, na kule Mkuyuni nilimzika naona kwa macho yangu. Huyu wanayemwita Stambuli leo ni mpwa wake, mtoto wa dada yake, jina alilopewa na mama yake ni Abdulswamad. Tangu anajifunza kutembea alikuwa akiniamkia, "Shikamoo, mama." Siku hizi akiniona anasema, "Mwanahawa we! Bado hujanenepa tu?" Vilevile kama marehemu. Na mimi naitika. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba naitika.

Niwaambie Abdulswamad alivyokuwa, maana watu wamesahau upesi mno. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye haya, akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa na pikipiki yake, anapanda nayo huko juu Matombo kununua ndizi, mananasi na mdalasini, anashusha dukani kwa mjomba wake Mkuyuni, vingine analeta sokoni Morogoro. Akifunga mizigo anapiga mluzi. Chai yake hataki sukari, ukimwekea anainywa kwa adabu huku uso umemkunjamana. Stambuli mwenyewe alikuwa anajaza vijiko mpaka kijiko kinasimama, akionywa na daktari anasema daktari naye afe na njaa yake.

Basi huyo Abdulswamad alimpenda Chausiku, binti wa Stambuli. Msishangae. Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, kwa hiyo Chausiku ni wa ukoo wa mama yake, Abdulswamad ni wa ukoo wa mjomba wake. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi wakioana, wazee wa kwetu wanapiga vigelegele. Chausiku anafundisha shule ya msingi Ngerengere, ana maneno machache na macho makali. Stambuli alinijia dukani kwangu mjini, ninapouza daftari na kutoa fotokopi, akakaa kwenye kiti cha wateja akicheka mwenyewe.

"Mwanahawa, Abdulswamad anamtaka binti yangu."

"Na wewe umesemaje?"

"Niseme nini? Mtoto ni wangu, na mtoto wa dada yangu ni wangu. Mavuno yakiisha nitawaambia wazee. Kwa sasa funga mdomo wako, najua ulivyo."

Nikaufunga. Mavuno hayakuisha, Stambuli akaanguka dukani kwake akimpimia mteja mbegu za mahindi. Walipomfikisha hospitali alishakwenda zake.

Nilikwenda arobaini yake. Kisomo kilisomwa, watu wakala, wageni wa mbali wakaanza kuaga. Sikujua kwamba ukoo wao bado wanashika ya zamani. Kwao mtu mzima mwenye mji wake akifa, jina lake haliachwi lilale chini. Anatafutwa mtoto wa dada yake, analirithi. Akishalirithi yeye ndiye marehemu: watoto wa marehemu ni watoto wake, shemeji wa marehemu ni shemeji zake, na jina lake la kwanza halitamkwi tena, kwa kuwa ndilo lililozikwa badala ya lile. Nilikuwa nimelisikia jambo hilo kwa bibi yangu. Sisi wa Mji Mpya, huku mjini, tuliliacha siku nyingi.

Na hawakuulizi, ndugu zangu! Ungeulizwa ungekataa. Abdulswamad alikuwa anakusanya sahani, amevaa fulana, macho mekundu kwa kilio. Mzee Dadi, kaka mkubwa wa bibi yake na mkuu wa ukoo, akainuka na shuka jeupe akamtupia mabegani kwa nyuma. Mwingine akamvika kofia ya marehemu. Wanawake wakalia kwa sauti moja, "Stambuli kaja! Stambuli kaja!" Kijana amesimama na sahani zake mkononi kama aliyeshikwa na mwizi badala ya kumshika yeye.

Nilipiga kelele, wallahi. "Mzee Dadi, ngojeni! Huyu hapana!" Mama mmoja akanivuta kanga akaniambia, mwanamke wa mjini, kaa. Nani angenisikia? Siri ile walikuwa wanaijua watu wanne tu, na mmoja alikuwa kaburini.

Wakamkalisha mkekani. Watoto wa marehemu wakaitwa kuja kumwamkia baba yao, kuanzia mdogo. Mdogo akaja, wa kati akaja. Chausiku alikuwa wa mwisho. Alitembea kutoka mlangoni mpaka mkekani nikadhani hatafika. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mzee Dadi akamgusa bega kijana. Watu wote wanamngoja. Kama asingejibu wangesema marehemu amekataa kurudi, na msiba ungeanza upya.

"Marahaba, mwanangu," akasema Abdulswamad.

Mniambie nyie, angefanyaje?

Sikukaa kimya baada ya pale. Nilimchukua Abdulswamad mwenyewe mpaka kwa sheikh. Sheikh akasema mambo ya jina si dini, hawa ni binamu, ndoa yao halali, hakuna kizuizi. Tukarudi tunacheka. Kijana akaenda kwa Mzee Dadi kulirudisha jina. Mzee akamwambia sheikh asomeshe msikitini, huku kwenye ukoo ni mwiko baba kumwoa mwanawe. Na jina, akasema, linarudishwa na kaburi tu. Abdulswamad akatoka mle ndani akakaa kwenye pikipiki yake bila kuiwasha. Nilimwona mimi. Chausiku alimwambia palepale, "Mimi nitakusubiri. Wewe usipotee tu."

Sasa njooni Bigwa. Darasa letu tuna mtindo wetu: kila Desemba tunakutana kwa Juliana, mwenzetu anayefundisha chuo kikuu, ana bustani nzuri chini ya mlima. Jonathan alikuwa kiranja wetu, leo ni mkubwa wa benki Dodoma na kitambi chake, lakini siku hiyo anarudi ukiranja. Anaita majina kama zamani, na ukiitwa unasimama, unasema "Nipo", kisha unatoa habari zako tatu: kazi, nyumba na afya. Hapo ndipo utasikia majigambo! Huyu mtoto wake kaenda China, yule kajenga ghorofa Kihonda, mwingine mke kamkimbia anasema yuko masomoni. Tunacheka, tunalia kidogo, tunakula pilau.

Mwaka aliokufa Stambuli, Jonathan alisahau. Anaijua orodha ile kwa kichwa, midomo ikajiendea yenyewe. "Stambuli!" Alipogundua akashika mdomo, na Juliana akaanza kulia. Na getini sauti ikasema, "Nipo."

Astaghfirullah, nusu ya darasa walisimama. Alikuwa Abdulswamad, na ile kofia. Simu ya mjomba wake alikuwa nayo yeye, mwaliko ulimfikia, na mwenye jina lazima ahudhurie shughuli za mwenye jina. Mwaka huo alisema kwa haya, mkono karibu na mdomo, kwamba duka lipo, watoto wazima, mama yao anawasalimu. Jonathan alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Mimi niliona ni ubinadamu, nikanyamaza.

Mwaka wa pili alikuja anakohoa kabla ya kusema, kile kikohozi cha Stambuli cha kutengeneza koo. Akatia sukari kwenye chai. Nikamwuliza pembeni, "Abdulswamad, tangu lini sukari?" Akanitazama kama nimemtukana mbele za watu. Akasema, "Wananiwekea hivyohivyo nyumbani. Nimezoea." Pikipiki alikuwa amekwisha kuiuza. Mwenye mji hafuati ndizi kwa pikipiki.

Hao wanadarasa wenzangu ndio walionikera. Walifurahi! Walipata rafiki yao tena, nani hataki? Jonathan anamsimulia kisa cha siku tulipofukuzwa kwenye mtihani wa hesabu za gharama, na yule kijana anakimalizia yeye, mpaka jina la msimamizi. Nikajiambia alisimuliwa na mjomba wake. Lazima alisimuliwa. Lakini nilipofika nyumbani niliwasha taa zote, jua halijazama.

Kwa Chausiku ikawa hivi. Mwalimu mwenzake wa Ngerengere, Issa, kijana mzuri, akapeleka posa. Posa inapelekwa kwa nani? Kwa baba. Stambuli mpya akaipokea, akasema atatoa jibu baada ya mkutano wetu wa Desemba. Chausiku akaja dukani kwangu na vumbi la safari miguuni.

"Shangazi, pale Mkuyuni hakuna anayethubutu kumwita jina lake. Hata mama yake mzazi anamwita kaka. Mimi nikimwita nitakuwa nimevunja heshima ya baba yangu. Wewe huogopi mtu."

"Nani kakwambia siogopi?"

"Mwite mbele za watu, shangazi. Akiitika, nitajua bado yumo. Issa nitamwomba radhi, tutakwenda kwa sheikh siku hiyohiyo, ukoo ututenge ukitaka. Asipoitika..." Akakunja ukingo wa mtandio wake, akaukunjua. "Nimechoka kusubiri nisiyemjua, shangazi."

Nilimwambia atakuja na mimi Bigwa, amsaidie Juliana kugawa chakula, asikie mwenyewe.

Basi Desemba hii iliyopita, mawingu yamekaa mlimani, chini kumetakata. Majina yanaitwa. Nilipoitwa mimi nilisema nipo, duka lipo, nyumba ipo, presha ipo, nikakaa. Wakacheka.

"Stambuli!"

"Nipo!" Akainuka. Amenenepa, kofia kaiegemeza upande. Akakohoa. "Kazi, namshukuru Mungu, duka nimelipanua. Nyumbani, mama watoto mzima, anawasalimu. Na ninalo la furaha. Binti yangu Chausiku ameposwa na mwalimu mwenzake. Kijana nimemwona, nimeridhia. Nataka darasa zima mje Mkuyuni mle wali."

Vigelegele. Jonathan anapiga meza. Chausiku alikuwa nyuma yetu, kashika chupa ya chai kwa mikono miwili. Alinitazama tu.

Nikasimama. Nikaita kwa sauti yangu yote, ile ninayoitia wateja wanaosahau chenji.

"Abdulswamad!"

Vigelegele vikakatika. Juliana akasema, "Mwanahawa, jamani." Mimi sikumtazama Juliana. Nilimtazama yeye.

Kofia ikacheza. Akageuka! Nikasema Alhamdulillah, yumo, mwanangu yumo. Mkono wake ulipanda nusu ya njia kuelekea mdomoni.

Lakini hakunigeukia mimi. Aligeukia nyuma, getini, akanyoosha shingo kutazama ni nani anayeitwa. Akamtafuta kwa macho pale kwenye maua, kwenye magari yaliyoegeshwa. Uso wake ulikuwa mwema kabisa, wa mtu aliyesikia jina la mtoto aliyewahi kumpenda. Na sisi wote, watu wazima na elimu zetu, tukageuza shingo kutazama anakotazama. Getini hapakuwa na mtu.

"Sijamwona huyo kijana siku nyingi," akasema. "Alikuwa anapiga mluzi."

Nikakaa. Mpaka leo najiuliza kama alisema hivyo kwa kuwa hayumo tena, au yumo na alikuwa anamfungulia Chausiku mlango aende. Nimewaza pande zote mbili na zote mbili zinanitoa machozi, na hasira pia, sijui hasira za nani.

Chausiku akapita katikati ya viti. Akaweka kikombe mbele yake, akamimina chai. Akachukua bakuli la sukari, akaliweka upande wa pili wa meza, mbali na mkono wake, akasubiri. Nilielewa. Bado alikuwa anampa nafasi moja ya mwisho, maskini, hata baada ya yale.

Yeye akalitazama bakuli. Akaitazama chai. Kisha akacheka kwa mdomo wazi, meno yote nje.

"Mwanangu," akasema, "sukari umeniwekea mbali."

Chausiku akalisogeza. Akapiga goti kwenye majani, na mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu.

"Samahani, baba," akasema. "Mwambie Issa alete wazee."