Jaketi Kinyume Mbele ya Wakwe wa Bahati

Nimechekwa vya kutosha, kwa hiyo leo naona afadhali niisimulie mwenyewe, maana wale wanaoisimulia sokoni Masisi wananiongezea hata mambo ambayo sikuyafanya (eti nilimkanyaga mbuzi wa watu, mbuzi hakuwepo kabisa). Aibu ni yangu, sikatai, ila nataka isemwe kama ilivyokuwa.

Rafiki yangu Bahati, ambaye tumelima maharage kilima kimoja tangu utoto, alikuwa amepata mchumba Kibua, kule Walikale, msichana anaitwa Furaha, na baba wa msichana akatuma neno kwamba kabla ya kuzungumzia mahari anataka kumwona kijana pamoja na ndugu yake, mtu wa damu yake, si rafiki wa kunywa naye. Kaka yake Bahati akashikwa na malaria juma lile lile. Mimi nikasema, kwani shida iko wapi, kwani mimi si ndugu yako? Tena mdomo ninao na pikipiki ninayo. Bahati akasita, kisha akakubali, na mimi nikaanza kukariri hotuba hata nikiwa shambani na jembe mkononi.

Tukaondoka asubuhi, mimi naendesha, Bahati nyuma amepakata jibini nzima ya Masisi ya kumpelekea baba mkwe. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na tai, na juu yake jaketi zito, na mnajua jinsi tunavyolivaa kwenye pikipiki kwa baridi ya vilima vyetu: mgongo wa jaketi unakuja kifuani ili upepo usipenye, zipu inabaki nyuma na mwenzako ndiye anayekufungia. Bahati akaifunga hadi katikati, akasema inatosha. Mimi nikamwambia apandishe mpaka shingoni, sitaki kufika kwa wakwe na mafua. Ni hilo tu nililoamua siku ile. Mengine yote yalikuja yenyewe.

Tulipopita Nyabiondo tukakuta tope la kule mnakokujua, pikipiki ikateleza, nami nikaanguka chali, mgongo mzima ukazama. Bahati aliangukia makalio lakini jibini aliinyanyua juu kwa mikono miwili, haikuguswa hata na tone. Tukacheka sana, tukainuka, tukaendelea na safari, na kadiri tulivyoteremka kuelekea msituni ndivyo jua lilivyozidi kuwaka, tope likakauka mgongoni, jasho likaanza kunitiririka, nikasimamisha pikipiki nikamwomba Bahati anifungulie.

Akavuta. Akamwagia maji, akavuta tena. Mwisho akauma zipu kwa meno, mwanamume mzima kando ya barabara ameniuma kisogoni, na mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni akageuza uso.

“Fermeture imekatala, kaka,” akasema.

Hivyo ndivyo tulivyofika Kibua. Nyuma ya ua wa wakwe nikamwambia basi, hili jaketi nitalivulia kichwani, wewe vuta tu. Nikainua mikono, kichwa kikaingia ndani, na hakikutoka. Ile shingo ya jaketi ilikuwa imenibana kwenye paji la uso, sioni kitu, Bahati anavuta akirudi kinyumenyume nami namfuata anakovuta, hatukujua kwamba tumeshapita mlango wa ua, mpaka nikahisi vitu vinavunjika chini ya viatu vyangu. Ulikuwa muhogo wa mama mkwe, umeanikwa juu ya turubai. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mzee ikiuliza taratibu:

“Uyu muntu, kichwa chake iko wapi?”

Bahati akalishusha jaketi, uso wangu ukatokea, na mbele yangu nikaona ukoo umekaa: baba, shangazi wawili, na huyo mzee, koko yake Furaha, yaani bibi yake, ambaye alikuwa amesimama ili aone vizuri zaidi.

Tukapewa viti. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikatoa hotuba. Niliitoa yote! Jasho linanitoka, tope limekauka mgongoni, na kila nilipoinua mkono kusisitiza neno jaketi lilinikaba koo na sauti ikawa nyembamba ya kifaranga. Baba hakuwa akisikiliza, alikuwa akitazama kifua changu ambacho hakikuwa na kifungo wala zipu. Bahati akajaribu kueleza habari ya baridi na tope, lakini baba akamzuia kwa kiganja.

“Mie siko nauliza juu ya jaketi,” akasema. “Niko nauliza juu ya damu. Mu famille yenu kuko bengine benye kuwa hivi?”

Hapo nikaelewa. Hakuna baba huku anayemtoa binti yake kwenye ukoo wenye ugonjwa wa kichwa, na ukoo wa Bahati siku ile ulikuwa mimi. Nikamwona Furaha kwenye mlango wa jikoni amejiziba mdomo, nikadhani anacheka, lakini alikuwa analia. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia maishani.

“Papa,” nikasema, “mie si ndugu yake. Niko rafiki tu. Kwabo hakuna mugonjwa wa kichwa.”

“Basi iko kwenu,” akasema koko.

Akaagiza wembe, akasimama nyuma yangu, akalipasua jaketi toka shingoni hadi kiunoni, na shati jeupe likatokea, na tai yake, vyote vimekaa sawasawa. Koko akaanza kucheka, shangazi wakafuata, hata Furaha akajifuta macho. Baba hakucheka. Jibini aliipokea, akamsema Bahati kwa muda mrefu na kwa sauti ya chini, kisha akatoa hukumu yake:

“Mutoto tutamutoa. Lakini siku ya dot, ya kuleta mahari, ulete ndugu wa kweli. Na uyu abakie kwake, alitudanganya mu nyumba yetu.”

Tangu hapo jaketi navaa kama watu wengine, baridi inipige inavyotaka, na undugu wa kuazima nimeapa sitauingia tena hata niombwe na nani. Siku ya dot ndugu za Bahati walipanga pikipiki kwa mstari mbele ya mlango wangu. Kaka yake Bahati ndiye aliyepanda yangu, na ndiye aliyekwenda na hotuba yangu, niliyomfundisha neno kwa neno mpaka mahali pa kupumua. Mchana, nikiwa napukuchua maharage, Bahati akanipigia ili angalau nisikie. Nikamsikia kaka yake anafika pale ambapo mimi ningesimama kidogo, akasimama vile vile, wamama wakapiga vigelegele, na mtandao ukakata. Nikabaki na simu sikioni, nikaimalizia hotuba peke yangu.