Kaburi la Kapteni

Kazi yangu Mansfield, huku Marekani, ilikuwa kumuuguza mzee mmoja kipofu, ini limeshamwisha. Alichokuwa akikitaka duniani ni kimoja tu: kujua babu wa ukoo wao, kapteni wa jeshi la Waingereza wa karne ya kumi na nane, alizikwa wapi. Basi kila asubuhi nikishamwogesha, namsomea nakala za barua ambazo kapteni alimwandikia mama yake, kwanza kutoka India, halafu kutoka visiwa vya Karibi.

Sikumpenda yule kapteni. Analalamikia joto, mbu na wapishi, katika nchi za watu aliowaendea na bunduki. Nani alimwita? Lakini kila barua aliimaliza kwa kumwomba mama yake radhi kwa kuwa mbali, na mstari huo nilikuwa nikiusoma mara mbili. Mama yangu naye alikuwa mgonjwa Unguja, na mimi, kwa karatasi zangu za ukaazi zilivyokuwa, nikitoka Marekani sirudi.

Siku moja ikaja nakala ya barua ya mwisho, ya daktari wa kikosi chake. Kapteni alikufa kwa homa, akatupwa katika shimo moja pamoja na askari wake waliokufa, bila jeneza, wakamwagiwa chokaa.

"Alizikwa wapi?" mzee akauliza.

Kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema wenyewe, na bado tunaficha. Nikasoma polepole, huku natunga: kanisani, karibu na bahari, kwa ngoma za heshima.

"Leo unasoma neno moja moja," akasema. "Nimemtafuta miaka arobaini. Niambie."

Nikamwambia. Alilia, kisha akanishukuru, nami nikaona haya hadi nikatoka chumbani. Wiki ile ile akafa.

Asubuhi baada ya mazishi yake nikapiga simu nyumbani. Kwao ilikuwa alasiri.

"Mama hajambo, dada," mdogo wangu akasema. "Kalala tu."

Mama hakuwa mtu wa kulala baina ya alasiri na magharibi; hata sisi alikuwa akitutoa kitandani kwa kandambili. Na mdogo wangu, mwenye mdomo kama cherehani, alikuwa akiyatoa maneno moja moja.

Sikuweza hata kumkasirikia. Nilikaa chini, jikoni, sakafuni.

"Mmemzika wapi?" nikamuuliza.