Maneno Manne ya Kwanza

Felician alikuwa na huruma, na mimi hadi leo naona ni huruma hiyo iliyomponza. Mwaka 1967 tulifanya kazi pamoja katika kituo kidogo cha simu za maandishi upande wa Kisarawe. Mimi nikigonga mihuri, yeye akipokea. Mashine ilileta herufi mojamoja, ti, ta, ti, naye akaziandika kwa penseli mpaka zikawa maneno. Kila simu ilitanguliwa na idadi ya maneno yake. Idadi isipotimia, hakuna kumsomea mtu. Tulionywa hivyo tangu siku ya kwanza.

Bi Genoveva wa kijiji cha Chole alishinda dirishani kwetu siku tatu akingoja habari za mwanawe Lucian, aliyelazwa Morogoro. Siku ya tatu, asubuhi, mashine ikaita: maneno manane. Yalipofika manne, laini ikafa.

"Baba, ni ya mwanangu?" aliuliza Bi Genoveva.

Nilimkanyaga Felician chini ya meza. Hakunijali. Akasoma: "Lucian alipata nafuu jana."

Mama wa watu alipiga vigelegele, akadandia lori la mihogo lililokuwa likirudi Chole. Nusu saa baadaye laini ikarudi. Basi la Dar, ambako angepata gari la Morogoro, lilikuwa bado pale nje likipakia. Felician aliandika yaliyobaki: "Leo amezidiwa njoo upesi."

Mpokeaji haachi mashine, wala mgonga mihuri haachi dirisha, hata nyumba ikiungua. Zamu ilipokwisha tulipanda baiskeli, mimi nikimlaani njia nzima.

Tulifika magharibi. Kuku alikuwa amechinjwa, majirani wanakula. Felician akaamkia, "Shikamoo, mama," akampa karatasi.

"Marahaba, baba. Mimi kusoma sijui. Hebu nisomee tena, na wenzangu nao wasikie."

Nilidhani atakimbia. Alisoma yote manane, kwa sauti, bila kuruka neno. Hakuna aliyelia mwanzoni. Walimtazama tu mdomoni, wakisubiri kama kuna mengine.

"Ndiyo mwisho, mama," Felician akasema. "Nilikusomea kabla haijaisha."

Basi la Dar lilikuwa limeshaondoka; jingine, kama lori la kutoka Chole, lilikuwa keshokutwa. Bi Genoveva alipofika Morogoro, Lucian alikuwa na siku moja kaburini.